ENDIF Moja, Majina Ishirini na Matatu

Vijana wangu wa kitengo cha kompyuta chuoni, mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye anayehitaji zaidi kujua ni saa ngapi. Nashukuru, nimeitundika sebuleni. Pamoja na saa mlinipa kazi: niwaandikie niliyoyapitia tangu nilipoanza kushika kompyuta. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Mshahara ndiyo kabisa. Nitaandika yale ambayo mkiyajua mapema yatawapunguzia aibu.

Naanzia kwenye swali la Neema. Tulikuwa kwenye chai ya saa nne, akaniuliza, "Mama Sauda, ni kweli zamani mlikuwa mnaandika neno zima la kufunga? Si mtu unasogeza tu mstari ndani, basi?" Chai ilinipalia. Ni kweli, Neema. Katika lugha ya kompyuta tuliyoitumia, ukifungua sharti kwa IF, yaani 'kama', ulipaswa kulifunga kwa ENDIF, 'mwisho wa kama'. Ukifungua mzunguko, yaani kazi ya kurudiwarudiwa, kwa DO WHILE, unaufunga kwa ENDDO. Kusogeza mistari kulikuwa pambo tu, na pambo lenyewe tulikatazwa kwa sababu lilikula karatasi. Yote tuliyaandika yamebanana kushoto, mstari juu ya mstari. Mnacheka, lakini kwa ENDIF moja nilikaribia kuwaondoa kazini watu ishirini na watatu ambao hawakustahili kuguswa.

Kazi niliianza kwenye kiwanda cha mablanketi, hapa hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Niliajiriwa kama mpiga chapa. Siku ya kwanza nilitoka kwetu Bigwa alfajiri, nimevaa viatu vipya vya visigino nilivyoazimwa na dada yangu, nikaambiwa mpiga chapa hahitajiki tena ila kuna nafasi kwenye chumba cha kompyuta. Nikapelekwa. Mlangoni nikaamriwa nivue viatu. Vumbi la pamba lilikuwa adui wa mashine, kwa hiyo ndani tulivaa kandambili zisizotoka nje. Visigino vya dada vilikaa mlangoni siku nzima, na jioni nilivikuta vimejaa manyoya ya blanketi.

Ndani alikuwapo mtu mmoja, Mzee Shabani, Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wangu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba. Wewe wa wapi?" Nikamwambia mimi Mluguru wa Bigwa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Ninyi mnaolima kwenye miteremko? Mtu akiteleza shambani kwake anasimamia shambani kwa jirani?"

"Na ninyi," nikamjibu, "mliotembea kwa miguu kutoka Tabora hadi pwani, mmebeba mizigo ya watu wengine?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo tulielewana, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumbuki siku aliyonifundisha jambo bila kwanza kulitukana kabila langu.

Alinifundisha kwa kaunta buku na kalamu. Mashine ilikuwa moja, na baadaye mgao wa umeme ulipopamba moto hata hiyo moja tuliigusa saa tatu kwa siku. Kwa hiyo programu tuliandika kwa mkono, tukasahihisha kwa mkono, umeme ukirudi tunachapa haraka kabla haujaondoka tena. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: ukiandika neno la kufungua, hapo hapo ruka mistari kadhaa uandike la kufunga, ndipo urudi katikati ujaze. "Usiseme utakumbuka," aliniambia. "Wewe ni binadamu, utaitwa chai." La pili, neno la kufunga hufunga kile kilichofunguliwa mwisho. Ukipita uani, ukaingia sebuleni, ukafika chumbani, huwezi kutoka uani kabla hujatoka chumbani. Mashine inajua hivyo na haikuulizi ulikuwa na nia gani.

Hata hivyo nilifanya vituko. Kuna siku nilipewa kazi ya kuchapa orodha ya zamu. Ule mstari unaoiambia mashine iende kwa mtu anayefuata, mimi niliuweka chini ya ENDDO badala ya juu yake. Maana yake mashine ilikuwa inazunguka kwa mtu yule yule bila kusogea. Nikaiacha printa inaunguruma, nikaenda kula. Kurudi, jina la Athumani mlinzi wa getini limetoka kurasa kwa kurasa, karatasi zimefika mlangoni kwenye viatu. Karatasi zenyewe zilikuwa zile ndefu zenye matundu pembeni, na boksi moja tuliliomba kwa barua tatu. Mzee Shabani hakunifokea. Alinipa zile karatasi zote, akaniambia programu zangu za mwaka mzima niziandike nyuma ya Athumani. Athumani mwenyewe aliposikia alikuja kuomba ukurasa mmoja, akaubandika kwenye kibanda chake.

Somo ambalo ningependa mlichukue ni la vidole. Mzee Shabani alianza kuota mtoto wa jicho. Maandishi ya kioo yalimshinda kwanza, kisha hata ya kaunta buku. Basi tukawa tunakagua hivi: mimi nasoma programu kwa sauti, yeye ameweka ngumi mezani. Nikitaja neno la kufungua, ananyoosha kidole. Nikitaja la kufunga, anakikunja kile cha mwisho. Wakati wowote angeweza kunisimamisha na kuniuliza, "Sasa hivi tumo ndani ya nini?" Nikishindwa kujibu, tunaanza upya. Nilidhani ni ushamba wa mzee asiyeona. Kimoyomoyo nilikuwa nasubiri aende hospitali niache kusomasoma kama mtoto wa darasa la pili.

Hapo ndipo mambo ya nchi yalipobadilika. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na mablanketi ya nje, mepesi na yenye maua, yalijaa sokoni. Ya kwetu yalikuwa mazito, ya kijivu, yanadumu mpaka unayachoka. Ghala likajaa. Akaletwa meneja mpya kutoka Dar, kijana wa suti, kukitayarisha kiwanda kiuzwe. Mwezi wake wa pili tu tukaanza kulisikia neno ambalo kila mtu mzima wa miaka ile analijua: kupunguzwa.

Iliundwa kamati. Walikuwemo meneja, watu wa idara, na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, fundi mtambo aliyeitwa Elias, mtu mpole mwenye sauti nzito. Wafanyakazi waliogopa kwamba wakubwa wataokoa ndugu zao. Elias ndiye aliyependekeza orodha itolewe na kompyuta. "Afadhali hiyo," alisema mkutanoni. "Haina shemeji." Watu walipiga makofi. Nilikuwa nimesimama nyuma, na nakiri nilijisikia fahari.

Kanuni zilikuwa nyepesi. Idara ya ufumaji ndiyo itakayopunguzwa, kwa sababu nusu ya mitambo yake ilikuwa imekufa. Ndani ya idara hiyo wataondoka wa mikataba ya muda, na wataondoka pia wenye chini ya miaka mitano kazini. Idara nyingine haziguswi. Nikaandika: IF ya idara, ndani yake IF ya mkataba na ENDIF yake, kisha IF ya miaka na ENDIF yake, mwisho kabisa ENDIF ya kuifunga idara. Hiyo ya mwisho iliangukia juu ya ukurasa uliofuata, peke yake.

Ijumaa asubuhi kamati ikabadili mawazo. Wa mikataba ya muda walikuwa wameshaondoka wenyewe, kwa hiyo kanuni yao ifutwe, na orodha itoke siku hiyo hiyo. Umeme ungekatika saa sita. Mzee Shabani alikuwa nyumbani, wamemfanyia upasuaji wa jicho moja. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaifuta IF ya mkataba na mstari uliofuata, nikasahau kuifuta ENDIF yake. Nikahesabu, kama mtu makini: maneno ya kufungua mawili, ya kufunga matatu. Limezidi moja. Nikafunua ukurasa, nikaiona ENDIF imekaa juu peke yake kama kitu kilichosahaulika. Nikaifuta hiyo. Nikahesabu tena, mawili kwa mawili. Nikachapa. Mashine haikulalamika hata kidogo, na saa sita kasoro orodha ilikuwa mkononi mwa meneja. Majina sitini na moja.

Mmeshaona nilichofanya? ENDIF ya mkataba, ambayo haikuwa tena na cha kwake cha kufunga, ilikifunga kilichokuwa wazi, yaani idara. Kanuni ya miaka mitano ikabaki nje, haina ukuta, ikapita kiwanda kizima na kumzoa kila aliyeajiriwa karibuni, awe wa idara yoyote.

Sikujua. Nilibaki na nakala, na mchana ule nikaanza kusahihisha herufi za majina ili barua zitoke safi. Jina la kumi na nne lilikuwa la Mwajuma. Huyu alikuwa mama wa Mkuyuni, mjane, ana watoto watatu, ana miaka mitatu kazini, na mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni kwa sababu alifanya kazi chumba cha rangi. Mara ya kwanza nilisema moyoni, masikini, kanuni ni kanuni. Nikaendelea. Jina la thelathini na kitu lilikuwa la nesi wa zahanati ya kiwanda. Kalamu ikasimama. Nesi hafumi. Nikarudi kwa Mwajuma. Chumba cha rangi si ufumaji.

Jumamosi mchana nilikwenda kwa Mzee Shabani na kaunta buku. Nilimkuta kibarazani, jicho limefungwa bandeji. Sikusema kuna nini, nilimwambia tu nataka kukagua. Akaweka ngumi kwenye goti. Nikasoma. IF idara, kidole kikanyooka. ENDIF, kikakunjwa. IF miaka, kikanyooka tena. Akanisimamisha.

"Sasa hivi tumo ndani ya nini?"

"Ndani ya miaka."

"Na ndani ya idara?"

Niliangalia ngumi yake. Kidole kilikuwa kimoja.

"Tumeshatoka," nikasema, na nikaanza kulia. Sikulia kwa huruma ya Mwajuma peke yake, nisiwadanganye. Nililia kwa aibu, kwa sababu njia ya kulikamata kosa lile nilikuwa nayo na niliidharau.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Barua zimetoka?"

"Jumatatu jioni zinagawiwa."

"Basi una Jumatatu asubuhi. Mluguru ameteleza, lakini hajafika kwa jirani bado. Nenda kapige pasi nguo za kwenda kwa meneja."

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa meneja kabla ya katibu muhtasi wake. Nilimweleza. Alinisikiliza huku anapanga barua ambazo zilikwisha kupigwa chapa.

"Dada Sauda," akasema, "wewe mwenyewe ulituambia kompyuta haikosei."

"Haikosei, bwana. Nimekosea mimi."

"Orodha sahihi ina wangapi?"

"Thelathini na wanane."

Akaweka kalamu chini. "Wakubwa wa Dar nimeshawaambia sitini na mmoja, wamefurahi. Nani mwingine anajua?"

"Mzee Shabani."

"Yule haoni. Sasa sikiliza. Hawa wengine wataondoka tu, kama si leo ni mwakani. Ukijitangaza umekosea, nani ataiamini kompyuta yako kesho? Wewe mwenyewe utakuwa na kazi gani hapa?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo usiku wote, kwa hiyo halikunishtua. Nilimjibu kwamba kanuni zilitiwa sahihi na kamati, na orodha ile haikufuata kanuni za kamati. Kama anataka sitini na mmoja, aitishe kikao abadili kanuni mbele ya watu. Mimi jina la mtu kwa mkono siongezi. Akaniambia nitoke. Nilitoka, nikaenda moja kwa moja karakana kumtafuta Elias, na nikampa barua ya nusu ukurasa niliyoiandika nyumbani. Mstari wake wa kwanza ulisema: Kosa ni langu.

Elias aliitisha kamati saa tano. Meneja alikuja, amenuna. Walikuwa watu saba, wengi wao mafundi, hakuna aliyewahi kugusa kompyuta. Mmoja akauliza, na alikuwa na haki, "Ijumaa ulituletea karatasi ukasema ni kweli. Leo unaleta nyingine. Tukuamini vipi?"

Sikuwa na umeme wala mashine ya kuwaonyesha. Nikawaambia waweke ngumi mezani. Walitazamana, Elias akaweka ya kwanza, wengine wakafuata. Nikawaeleza: nikisema IF nyoosha kidole, nikisema ENDIF kunja cha mwisho. Nikasoma polepole programu kama kamati ilivyoitaka, kisha nikaisoma kama nilivyoichapa. Kwenye kanuni ya miaka nikasimama, nikawaambia watazame mikono yao. Mara ya kwanza vidole vilikuwa viwili. Mara ya pili kimoja. Mama mmoja wa ufumaji, mzee kuliko wote pale, akasema, "Kumbe umekunja pindo blanketi halijaisha." Nikamwambia ndivyo hasa, mama. Meneja peke yake ndiye aliyekuwa ameweka mikono mfukoni.

Walichukua kadi za ajira za wale ishirini na watatu, wa chumba cha rangi, wa zahanati na wengine, wakazipitia kwa macho, hakuna hata moja ya ufumaji. Barua ishirini na tatu zilichanwa pale pale mezani. Orodha mpya niliichapa umeme uliporudi, na safari hii kabla ya kuipeleka nilimpelekea Mzee Shabani programu yake nyumbani, nikamsomea yote, akakubali, ndipo nikarudi kiwandani.

Sitaki mnione shujaa. Wale thelathini na wanane walipata barua zao jioni ile, na programu iliyowatoa ilikuwa yangu na ilikuwa sahihi. Wengine nilikula nao kantini kila siku. Mmoja hakunisalimia tena mpaka alipofariki, na sikumlaumu. Kazi hii ina siku ambazo kuifanya vizuri hakukupi furaha, na siku hizo nazo lazima uifanye vizuri.

Miezi mitatu baadaye chumba cha kompyuta kilifungwa. Mimi na Mzee Shabani tulipewa barua siku moja. Ilisemwa kwamba mnunuzi atakuja na mashine zake. Huenda ilikuwa kweli, sikuuliza. Kabla ya kukabidhi funguo nilipitia programu zote na kuandika neno la Kiswahili mbele ya kila neno la kufunga: ENDIF idara, ENDIF miaka, ENDDO wafanyakazi. Lugha ile iliyaruka maneno yaliyofuata ENDIF, haikuyasoma kabisa. Niliyaandika kwa ajili ya mtu, si mashine. Hapo chuoni, nilikoajiriwa mwaka uliofuata, nimeendelea hivyo kwa kila lugha iliyokuja, na ninyi mmenicheka miaka yote kwa maelezo yangu marefu. Chekeni, ila andikeni. Na kama lugha yenu haina neno la kufunga, someaneni kwa sauti, kisha muulizane mko ndani ya nini.

Mzee Shabani alirudi Tabora, akafia huko, jicho la pili hawakuwahi kumfanyia. Kiwanda kiliuzwa, kikafungwa, kikafunguliwa kama ghala. Lakini kilidumu miaka sita baada ya orodha ile, na kwa miaka hiyo sita Mwajuma alipaka rangi, akawavusha watoto wake shule wote watatu.

Hajui mpaka leo. Barua yake ilichanwa kabla hajaiona, na kamati iliapa kunyamaza ili watu wasipagawe. Siku hizi anauza nyanya sokoni, mikono imeshatakata. Kila Jumamosi nikienda ananiwekea tatu nzuri juu na mbovu chini, kama anavyomfanyia mteja mwingine yeyote, nami nalipa naondoka.